Kuna Ninayoyaachia, Kuna Nisiyoyaachia

Boti ya doria ya kituo chetu ina injini moja na askari wawili, na mmoja wa hao wawili ni mimi. Siku za kawaida mimi ni askari wa nchi kavu: ng'ombe waliovunja uzio, wizi wa betri, ugomvi wa mipaka ya mashamba, mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani. Mwisho wa juma, msimu ambao watu hushusha boti zao ziwani kwa starehe, navaa jaketi okozi juu ya sare na kugeuka askari wa majini. Mshahara ni ule ule. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza la vijana wanaoniandikia wakitaka kujua kazi hii ikoje.

Swali la pili ni kama kweli tunalipwa kwenda kupunga upepo. Saa za namna hiyo zipo, sikatai, hasa asubuhi maji yakiwa yametulia tuli. Lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla boti haijagusa maji, pale kwenye mteremko wa kushushia, mimi nikiwa kwenye matope nikizungumza na mtu aliyekwisha rudisha trela nyuma na ana haraka zake.

Swali ambalo hawaniulizi, nami naona ndilo kazi yenyewe, ni hili: utamfanya nini mtu unayemjua?

Mjini askari anaweza kumsimamisha mtu leo na wasionane tena maishani. Kijijini, niliyemwandikia faini Jumamosi ndiye tutakayekaa naye benchi moja zahanati Jumatatu, na mtoto wake yuko darasa moja na wangu. Huyo huyo ndiye atakayeninong'oneza nani kaiba betri, au atakaa kimya. Askari wa kijijini anaishi kwa maneno ya watu. Ukiwaudhi wote kwa mambo madogo, utajaza kitabu cha faini na hutasikia tena chochote cha maana.

Kwa hiyo kuna mengi ninayoyaachia. Taa ya nyuma ya gari imeungua, namwambia mwenye gari akabadilishe balbu, na kesho yake tukipishana natazama kwenye kioo kama kabadilisha. Karibu wote hubadilisha. Majini pia ninayo ya kuachia: namba za usajili zilizofifia ubavuni, karatasi iliyosahauliwa nyumbani, muziki wa juu kupita kiasi. Maneno mawili matatu, tunacheka, basi.

Ila orodha yangu ya majini si sawa na ya barabarani, na tofauti hiyo ndiyo wageni wengi katika kazi hii huchelewa kuielewa. Gari likiharibika linasimama, mtu anashuka, anatembea. Boti ikizimika haisimami, inachukuliwa na upepo. Na vijijini kila kitu kiko mbali. Gari la wagonjwa huchukua muda wake hata kufika barabarani. Katikati ya ziwa msaada wa kwanza ni sisi, kama tuko majini, kama tumesikia, na kama hiyo injini moja imekubali kuwaka.

Yupo profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, anaitwa Gordon Giesbrecht, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi ili apime mwili unavyofanya. Matokeo ameyafupisha kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza mtu anatweta bila kujizuia, na pumzi moja ikiingia kinywa kikiwa chini ya maji, imetosha. Dakika 10 zinazofuata ndizo vidole na mikono bado vinatii: kushika kamba, kufunga kifungo, kujivuta juu ya boti. Baada ya hapo kuna kama saa 1 kabla baridi haijamwondolea fahamu. Watu hudhani wanaozama kwenye maji baridi wanauawa na ule ubaridi wa mwisho. Wengi hawaufikii. Wanakwenda katika dakika ya kwanza, au pale mikono inapogoma, kwa sababu hakuna kinachowashikilia juu ya maji.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya ramani ya eneo langu. Kutoka kituoni hadi kwenye mteremko tu, kwa gari, dakika 10 zimekwisha. Aliyevaa jaketi ana ile saa, nami nina nafasi ya kumkuta hai. Asiyevaa, mara nyingi nafika kusaidia familia, si kumsaidia yeye. Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani za 2023 zinasema hivyo hivyo kwa lugha ya ofisi: watu 564 walikufa katika ajali za boti za starehe, pale sababu ya kifo ilipojulikana, robo tatu walizama, na kati ya waliozama, 87 katika kila 100 hawakuwa wamevaa jaketi. Nasema hawakuwa wamevaa. Kuwa nalo chini ya kiti ni habari nyingine.

"Ziko hapa afande, zote!" Hilo ndilo jibu ninalolisikia zaidi kuliko salamu. Mtu anainua kiti, na kweli ziko, zingine bado kwenye mfuko wa nailoni zilimonunuliwa, zingine zimelaliwa na nanga na dumu la mafuta. Namwomba atoe moja na alivae nikimtazama. Kama mikanda imefungana mafundo, kama zipu imeota kutu, simwambii kitu. Anaona mwenyewe muda unavyokwenda, na hapo yuko nchi kavu, amekauka, hana woga wowote. Kisha naliminya sponji lake kwa vidole. Likiwa gumu na linavunjika kama mkate mkavu, halielei tena. Yale ya kujijaza hewa nafungua na kutazama kimtungi cha gesi: kikiwa na tundu mdomoni kimeshatumika, na mwenyewe huwa hana habari.

Watoto nawapima wote. Namwomba mtoto anyooshe mikono juu, nashika jaketi mabegani na kulivuta taratibu. Likipanda hadi masikioni, majini litamvuka kichwa. Wazazi hununua kubwa ili wakue nalo, jambo la busara kwa viatu na sare za shule. Hapa mtoto anahitaji la uzito wake wa leo, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Tazama pia namba iliyoandikwa ndani, nguvu ya kuelea kwa nyutoni. 50 ni kwa anayejua kuogelea na yuko karibu na ufuko, na halimgeuzi aliyezimia. Kuanzia 100 kwa maji matulivu na 150 kwa maji ya mbali, limekusudiwa kumweka mtu uso juu.

Kwenye kibanda cha pale mteremkoni tuna kabati la jaketi za kuazima. Unaandika jina lako kwenye daftari, unachukua, jioni unarudisha. Kabati hilo limemaliza ugomvi mwingi kuliko kitabu changu cha faini, na ningekuwa mimi mwenye kupanga bajeti ningeanza nalo kabla ya kufikiria boti mpya ya doria. Nani atalipigania kwenye kikao, hilo sijaona. Boti mpya hupigwa picha, kabati halipigwi. Lakini mzazi akikataa hata la kuazima, boti yake haiondoki na mtoto yule ndani. Hapo simwachii mtu, awe ndugu, awe diwani.

La pili nisiloliachia ni pombe, na hapa sheria za nchi nyingi naona zimesimama kichwa chini miguu juu. Norway dereva wa gari anashikwa akizidi promili 0.2, yaani sehemu 0.2 ya pombe katika kila sehemu elfu za damu, lakini mwenye boti isiyofika mita 15 anaruhusiwa hadi 0.8. Ufini ni 0.5 barabarani na 1.0 majini. Hoja inayotolewa ni kwamba majini kuna nafasi, huna ukuta wa kugonga. Waliopanga hivyo, nadhani, walikuwa wakifikiria kugonga. Mimi nafikiria kuanguka. Mlevi huanguka akisimama kujisaidia, akivuka kutoka kiti hadi kiti, akiinama kufungua kamba. Jua, upepo, kelele na mtikisiko wa injini vimekwisha mchosha kabla ya chupa ya kwanza. Uswidi imenishawishi zaidi: boti inayoweza kukimbia noti 15 (noti ni kipimo cha mwendo wa majini) au yenye urefu kuanzia mita 10, kiwango ni 0.2, sawa na gari.

Kumpima mlevi kwenye boti nako kuna utaalamu wake. Huwezi kumwambia atembee juu ya mstari, hata mimi nisingeweza. Anapimwa ameketi: kidole hadi ncha ya pua, kupiga viganja kwa kugeuza mkono mmoja, dole gumba kugusa vidole vingine kwa zamu huku akihesabu kwa sauti. Ukimleta nchi kavu unampa muda kwanza, kwa sababu miguu ya mtu aliyeshinda majini huyumba hata kama hajagusa tone.

Nilimsimamisha mwalimu wangu wa hesabu. Boti yake ilikuwa inakata kona kubwa zisizo na sababu, wajukuu wakiwa mbele. Tulimkaribia kwa nyuma ubavuni, taratibu, nikainua mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo umekuja kama mwanangu au kama serikali?"

"Leo serikali, Mwalimu. Naomba uzime injini."

Aliizima, lakini alichukua muda mrefu kuikuta swichi. Mwenzangu akahamia kwenye boti yake na kuiendesha hadi ufukweni, mimi nikifuata. Wajukuu hawakusema neno njia nzima. Vipimo vilifanywa na mwenzangu, faili likaandikwa na mwenzangu, likaenda linakokwenda. Mtaani nikaambiwa sina adabu, kwamba ningempeleka tu nyumbani kimya kimya. Wapo askari wazuri ambao wangefanya hivyo, sitawasema vibaya. Lakini mwenye boti iliyofuata angelitaka hilo hilo, naye hana wajukuu wala hajanifundisha hesabu, ningemjibu nini? Mwalimu mpaka leo nikimsalimia anaitikia akitazama upande mwingine. Mkewe huniuliza habari za watoto kama zamani.

Kingine ambacho sichoki kukitaja, japo si cha kumwandikia mtu faini, ni ile kamba fupi nyekundu ya kuzimia injini. Ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye mguu au jaketi la dereva. Akirushwa nje, inachomoka na injini inakufa. Isipofungwa, boti isiyo na mtu usukanini hujipinda yenyewe, inazunguka, na mzunguko ule humrudia aliye majini, na propela ikiwa inakata. Marekani tangu Aprili 2021 wameifanya lazima kwa boti nyingi zisizofika futi 26. Wengi naowakuta wameifunga vizuri, kwenye usukani! Nao husema hivyo kwa kujivunia.

Na wanaoogelea nyuma ya boti huku injini ikinguruma ili muziki usimalize betri: ndani ya moshi ule mna gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuonya. Ni monoksidi ya kaboni, nayo hukusanyika pale pale kwenye ngazi ya kupandia. Mtu analegea, anaachia, anazama, na wenzake husema alichoka. Zima injini.

Sheria za kupishana ni suala nisilolitegemea sana kwa faini, kwa sababu anayezivunja kwa kawaida hazijui kabisa. Za kimataifa za kuzuia migongano ni za 1972, na kwa boti ndogo zinazohitajika kichwani ni chache. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja ageuze kulia. Mkikatizana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha. Injini humpisha tanga. Usiku, nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Na kanuni ya tano, ambayo ningeibandika kwenye kila kioo cha mbele: wakati wote awepo anayetazama na kusikiliza. Wakati wote, hata dereva akiwa anapiga picha ya machweo.

Mtu akiniuliza chanzo changu kikubwa cha habari, atashangaa. Si redio. Ni trela tupu. Jioni napita pale mteremkoni na kutazama magari yaliyobaki. Kila gari lenye trela tupu ni boti ambayo haijarudi, na kwa kuwa nawajua watu, najua ni ya nani, ana mafuta kiasi gani kwa kawaida, hupenda kwenda upande upi, na ni mtu wa kuchelewa au la. Hapo ndipo kujuana kunalipa. Mjini wangehitaji mitambo. Hapa namuuliza dada anayelinda maegesho, naye anajua hata kama waliondoka wakiwa wamenuniana. Mgeni nisiyemjua ndiye anayenitia wasiwasi, kwa hiyo mgeni namwomba aandike: wangapi, wanaelekea wapi, wanarudi saa ngapi, simu ya mtu wa nyumbani. Mwenye redio namkumbusha chaneli 16, ile ya kuombea msaada, kwa sababu simu nusu ya ziwa haishiki mtandao, na namkumbusha kwamba cha kwanza kusema ni mahali alipo. Watu wakiogopa huanza na hadithi. Mahali, idadi ya watu, tatizo. Hadithi tutaisikia baadaye.

Boti nyingi siingii. Kijana anayetoka chuoni hupenda kuruka ndani, inaonekana ushujaa. Ukiwa wawili, kwenye maji yanayoyumba, mkiikabili boti ya watu sita wenye visu vya samaki na chupa kichwani, na wa kuwasaidia yuko mbali, kubaki kwenye boti yako ndiyo akili. Inua jaketi nilione. Inua kizima moto. Washa taa. Vyote hivyo vinaonekana kwa hatua chache za maji katikati, na hakuna aliyedhalilishwa mbele ya watoto wake.

Sasa kuhusu ajira, maana ndiyo mliyoniandikia. Vituo vya vijijini vina nafasi wazi muda wote, na zinapojazwa huanza kuvuja: kijana anafunzwa, anazoea, anaomba uhamisho mjini. Dawa inayopendwa ni kuchukua askari yeyote aliyepo na kumfundisha maji. Mimi naona kinyume. Mchukue mvuvi, au binti wa mwenye boti za kukodisha, umfundishe sheria. Sheria inafundishika darasani. Kuutambua upepo unaobadilika kwa rangi ya maji upande wa mbali wa ziwa, kujua mwamba uko wapi mwaka wa maji machache, hayo huyapati kwenye kitabu, na mtu wa namna hiyo hana sababu ya kuhama.

Uokoaji wenyewe si lazima uwe wa polisi. RNLI, shirika la uokoaji majini la Uingereza, ilianzishwa 1824 na hadi leo wengi wa mabaharia wake ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine. Maeneo yenye watu wachache yanaweza kuiga hilo na kufaulu. Ila kumkamata jirani si kazi ya kujitolea. Anayefanya hivyo lazima awe na mshahara, kiapo, na mtu wa juu yake wa kulalamikiwa.

Kwenye usaili mtaulizwa kuhusu ndugu. Swali huja hivi au karibu na hivi: uko doria, unamkuta shemeji yako amelewa na anaendesha boti, utafanya nini? Kila mtu anajibu kwamba sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Jopo limeshausikia msumeno huo mpaka umekuwa butu. Wanachotaka ni mpangilio. Unasimamisha boti kwanza, kwa sababu hatari ipo hata kama ni shemeji. Watu wote wanavaa jaketi. Kisha unamkabidhi mwenzako vipimo na maandishi, na unaandika kwenye taarifa kwamba ni shemeji yako, kwa mkono wako, siku hiyo hiyo, kabla mtu hajauliza. Jioni unampigia dada yako mwenyewe, asisikie kwa watu.

Mtapimwa kuogelea pia, na si kwa nguo za kuogelea. Ni sare na buti, mruke kutoka ukingoni, mkae juu ya maji muda watakaoutaja, kisha mpande kwenye boti bila ngazi. Jizoezeni hapo pa kupanda. Wengi wanaoanguka mtihani huo wanajua kuogelea vizuri kabisa.